Redio Inayosikia Tu

Jumapili, 3 Novemba 2013

Cyrus amenipa daftari. Amesema, "Mama, kila ukitaka kunipigia kuuliza kama niko salama, andika humu kwanza. Ukimaliza na bado unataka kupiga, piga." Ni daftari la hesabu, la viboksi. Mimi niliishia darasa la nne kule Wundanyi na mwandiko wangu hupanda mlima, lakini viboksi vinaushikilia.

Leo nimeandika mara tatu, nimepiga mara mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Nasra ninayelala naye chumba hapa Al Rayyan, mtu wa Unguja, ameniambia mtu akiandika daftari hujitambulisha, maana huenda akalisahau mahali. Basi. Mimi ni Wakesho, mama Cyrus, matroni wa basi la shule. Nawahesabu watoto wakipanda, nawahesabu wakishuka, katikati nawafunga mikanda na kuwafuta pua. Dereva wangu ni Suleimani, wa Tanga. Mwanangu Cyrus ana miaka ishirini na minne, ni dereva wa kampuni hii hii, basi namba kumi na tisa. Anachukua mafundi kambini kwao Sanaiya, mtaa wa viwanda, alfajiri, anawapeleka Lusail, mji mpya unaojengwa, anawarudisha jioni. Mimi ndiye niliyemleta Qatar. Kwa hiyo akipatwa na jambo, mimi ndiye niliyemleta.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya ibada tulikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa makanisa. Cyrus alikuja na Benard, kijana wa Bungoma, dereva mwenzake anayekaa naye chumba kambini. Benard ndiye anayeongea kwa niaba ya wote wawili. Cyrus wangu hana maneno. Alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka kwenye mparachichi akatembea na mkono uliovunjika siku mbili bila kusema. Niligundua alipokataa kushika kijiko.

Leo amesema. Kampuni inamtaka aingie njia ya Abu Samra, mpakani na Saudia, jangwa mwanzo hadi mwisho, malori makubwa kama nyumba. Inaanza Februari. Ni cheo, ni basi jipya. Halafu akatazama viatu vyake akasema anataka nimtasie kabla ya kwenda, na nisipomtasia haendi.

Nimesema nitafikiri.

Jumapili, 10 Novemba

Niandike habari ya kutasa, maana Nasra ameniuliza na sikumaliza kumjibu. Kwetu Taita mtu akianza jambo kubwa, mzazi huchukua funda la maji au la pombe ya miwa, akampulizia na kumsemea maneno ya heri. Si kitu cha kuigiza. Ukiwa na kinyongo moyoni, au hofu umeifungia ndani kama hasira, maneno hayashiki, ni maji tu umemmwagia mtu. Baba yake, Herbert, ameshamtasia kwa simu kutoka shambani, akiwa amesimama katikati ya kabichi. Nimemuuliza alipuliza wapi, kwenye simu? Amesema ndiyo, na sasa simu haisikiki vizuri.

Mimi siwezi. Moyo unasema hapana, na Cyrus atajua.

Jumanne, 12 Novemba

Vumbi. Watoto wawili wametapika.

Alhamisi, 14 Novemba

Ndani ya basi letu kuna redio ya kampuni. Madereva wa shule wanaambiana: raundabauti fulani imefungwa, mtaa fulani una maji. Leo nimemuuliza Suleimani kama inaweza kusikia mabasi ya Lusail. Amesema hapana, yale yako kwenye chaneli yao, na hii yetu imefungwa kwenye ya shule. Nikauliza kama kuna redio isiyofungwa. Akacheka. "Ipo, mama. Inaitwa skana. Haisemi, inasikia tu. Inazunguka chaneli moja moja, ikikuta mtu anaongea inasimama, akinyamaza inaendelea. Kama wewe na majirani."

Haisemi, inasikia tu. Nitalala na maneno hayo. Kabla sijasema ndiyo au hapana kwa Abu Samra nataka nijue mwanangu yukoje barabarani, maana yeye hataniambia.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda kwa msimamizi wetu, Onyango, kuomba ruhusa ya skana. Nilimwambia ni kwa ajili ya ukungu wa msimu wa baridi, ambalo si uongo: matroni anatakiwa kujua njia ikifungwa ili awatulize watoto. Onyango ameniandikia barua yenye muhuri: nisikilize chaneli za kampuni tu, waya sikioni, na nisimsimulie mtu ninayoyasikia. Hilo la mwisho alilipigia mstari chini.

Jumamosi, 23 Novemba

Nasra amenisindikiza Najma, kwenye duka la redio. Mwenye duka ni Mhindi mzee anayejua Kiswahili cha Dar es Salaam kuliko mimi, alikulia Kariakoo. Alisoma barua ya Onyango yote, hata muhuri, halafu akapanga skana tatu juu ya kioo cha kaunta.

Ya kwanza nyeusi, ndogo kama sabuni ya kipande. Inatumia betri za kawaida, zile za saa ya ukutani, vitufe vichache. Ya pili kubwa, imetumika, ya Kijapani, antena ndefu kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Ya tatu ina kioo cha rangi, inasikia hata redio za dijitali, na bei yake nilimwomba asiirudie.

Mzee akasema, "Usiniulize ipi ni nzuri. Niambie utasikilizia wapi."

Nikamwambia: ndani ya basi, watoto arobaini, kiyoyozi kinanguruma, alfajiri bado giza, mkono mmoja umeshika mtoto. Akasema kwa maneno hayo chukua ndogo: inaning'inia kiunoni, taa yake inawaka ukigusa, kuna kitufe cha kufunga vitufe vingine mtoto asibonyeze, na betri zikiisha unanunua duka lolote la njiani. Hiyo kubwa ni ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Lakini alipoiwasha ile kubwa ikapiga kelele dukani papo hapo, sauti ya mwanamume inaongea na ndege inayotua. Nikasema moyoni, inayomsikia mtu aliye mawinguni itashindwaje kumsikia Cyrus aliye Lusail?

Nimechukua kubwa. Nasra njia nzima ameniita mwongozaji ndege.

Jumapili, 24 Novemba

Nzito. Imenivutia sketi chini mbele ya walimu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimesikia ndege za Manila, za Kathmandu, za nchi nisizozijua. Basi namba kumi na tisa, hakuna. Kumbe redio hainusi, lazima uitie namba za masafa. Suleimani amesema ataomba namba ofisini.

Jumatano, 27 Novemba

Betri zimekufa saa nne asubuhi.

Jumapili, 1 Desemba

Suleimani ameingiza namba. Saa kumi na moja na robo asubuhi, tukiwa tunasubiri geti lifunguliwe, nikasikia sauti inasema kuna ngamia wawili wamesimama pembeni ya barabara ya Lusail, na kwa jinsi walivyojipanga inaonekana wanasubiri basi, na yeye hana nafasi, basi namba ishirini na mbili awachukue. Watu wakacheka kwenye redio, Wanepali, Wahindi, Wakenya. Sauti ikarudia kwa Kihindi, wakacheka tena.

Nikamwuliza Suleimani yule ni nani. Amenitazama kama naumwa. "Huyo si mwanao?"

Alhamisi, 5 Desemba

Kila asubuhi namsikia. Anaitwa Mwalimu. Mgeni akipotea kwenye zile njia mpya za kupinda zinazohamishwa kila wiki, anamwongoza polepole: acha winchi ya njano kushoto kwako, sasa hesabu taa tatu, sasa pinda. Anajua Kihindi, anajua Kinepali cha kusalimia. Mwanangu ambaye mezani kwangu anasema "ndiyo" na "hapana" na "imetosha".

Nimejiona mgeni. Nimefurahi pia, lakini ugeni ulitangulia.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumekaa ukutani saa mbili. Nimemuuliza kazi ikoje. "Sawa tu." Kwani barabarani hakuna cha kuchekesha? "Hakuna." Ngamia hata mmoja? Ameniangalia kidogo.

Jumanne, 10 Desemba

Amesema redioni hajala tangu jana mchana. Nimempigia saa tatu: kwa nini hujala? Akasema, "Nani amekuambia?" Nikasema mama anajua. Barua ya Onyango iko mkobani, mstari wake naujua. Lakini hajala.

Jumapili, 15 Desemba

Mafua. Nilimsikia anapiga chafya mara nne. Nimemtumia Benard ujumbe ampelekee tangawizi.

Jumatano, 18 Desemba

Sikukuu ya taifa, hakuna shule. Magari yamepambwa bendera, honi mpaka masikio yamekufa ganzi. Nasra amepika urojo, tumekula na wasichana wa ghorofa nzima. Siku nzuri. Sikusikiliza hata kidogo, maana betri zilikuwa zinachajiwa.

Ijumaa, 20 Desemba

Benard hakuja. Nilipomuuliza Cyrus, alisema tu kwamba Benard amehamia chumba kingine.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula mbuzi watu kumi na moja. Benard alikaa upande mwingine kabisa wa watu, hakusema neno la kuchekesha hata moja, na Cyrus akaiacha nyama sahanini. Nimewaza labda ni mambo ya msichana.

Jumatano, 8 Januari 2014

Shule imefunguliwa. Ukungu wa kwanza. Ukungu wa kwetu unashuka mlimani una harufu ya majani. Huu unatoka baharini, una chumvi, unakaa chini kama mtu aliyekataa kuondoka.

Alhamisi, 9 Januari

Ukungu.

Jumapili, 12 Januari

Ukungu. Cyrus ameyaongoza mabasi matano yaliyofuatana, kila dereva anataja taa anayoiona mbele yake. Nimesahau kumfunga mkanda mtoto mmoja kwa kusikiliza. Suleimani ameona kwenye kioo, amesimamisha basi, akanitazama tu. Nimeona aibu kuliko kama angenisema.

Jumanne, 14 Januari

Niandike.

Leo ukungu ulikuwa mzito mpaka Suleimani aliegesha kando na kuwasha taa zote, tukangoja, na watoto wachache tu ndani. Niliweka waya sikioni. Saa kumi na mbili kasoro nikasikia Cyrus, sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia: "Kumi na tisa hapa. Magari yamegongana mbele yangu. Nimesimama. Nasikia lori nyuma linakuja kwa kasi."

Akanyamaza. Skana ikaondoka. Ikaenda kwa Onyango anayetangaza shule zitachelewa. Ikaenda kwenye ndege. Rubani akaongea, akaongea, ndege nyingine ikamjibu, na mimi nikawa napigapiga ile redio kama mtu anayegonga mlango. Nikabonyeza vitufe vyote. Dakika nane. Dakika nane nikisikiliza habari za watu walio salama mawinguni.

Nikamwambia Suleimani, tafadhali, uliza. Akaomba ofisini. Onyango, naye akiwa amechanganyikiwa na simu, akafungua chaneli zote za kampuni pamoja, na nikamsikia kwa masikio yangu akisema: "Basi namba kumi na tisa, mama yako anauliza kama uko hai."

Ikaja sauti ya Cyrus, nzima, kavu. "Niko hai. Nimekuwa nikiongea wakati wote."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa kwenye chaneli yake tangu mwanzo, akiwaambia walio nyuma wasimame mmoja baada ya mwingine. Lile lori lilisimama hatua chache kutoka kwake. Kila mtu alikuwa anamsikia isipokuwa mimi, maana mashine yangu ilikuwa inatembeatembea. Suleimani amenionyesha kitufe kidogo ubavuni, cha kushikilia chaneli moja isiondoke. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Nililia, halafu nikacheka, na watoto wakacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Jumatano, 15 Januari

Nchi nzima inajua kwamba nasikiliza. Dereva Mhindi kaniuliza getini, "Mama, Cyrus amekula?" Nasra amecheka mpaka akakaa sakafuni.

Cyrus hapokei simu.

Ijumaa, 17 Januari

Hakuja kanisani. Alikuja baadaye, amesimama, hakutaka kukaa.

Sikuwahi kumwona na hasira ya namna ile. Hakupaza sauti. Aliniuliza nimemsikiliza tangu lini. Nikasema tangu Desemba mosi. Akafumba macho, nikaona anahesabu: siku ya kutokula, siku ya mafua, tangawizi. Akasema, "Nilidhani ni Benard. Nilimwita mpelelezi mbele ya chumba kizima. Nilimfukuza, Mama."

Mwezi mzima yule kijana amebeba kosa langu, na tangawizi niliyomtuma ampelekee Cyrus ndiyo iliyomfunga kamba. Nilitaka kusema nilikuwa na hofu, lakini hofu yangu haikumsaidia Benard chochote. Nikasema nimekosa, basi. Akaondoka.

Jumapili, 19 Januari

Nimempelekea Onyango barua yake na kumweleza kwamba sikuushika ule mstari. Amesema alijua tangu tangawizi, maana Benard alimlalamikia kwamba anaitwa mpelelezi, ila alingoja niseme mwenyewe. Amesema niirudishe barua mkobani, ukungu haujaisha, ila mara ya pili ataichana.

Ijumaa, 24 Januari

Nilipika chapati thelathini. Nilimtumia Benard ujumbe kwamba nina neno naye, na kwamba Cyrus pia atakuwepo, aje akitaka. Amekuja.

Nilisimama, maana kwetu mkubwa akikosea haombi msamaha akiwa amekaa. Nikamwambia yote: skana, ndege, njaa, mafua. Nikamwambia hakuna neno alilolitoa, ni mimi niliyelichukua. Benard alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na uso mgumu, halafu akauliza, "Kwa hiyo mama umesikia na ile siku niliyoimba redioni?" Nikasema ndiyo. "Yote?" Nikasema yote, na kwamba ubeti wa pili haukustahili kuimbwa. Akaangua kicheko, akachukua chapati mbili kwa mpigo.

Cyrus akamwambia, "Rudi chumbani, bwana." Benard akasema atarudi kitanda cha dirishani au harudi. Yakaisha.

Benard alipokwenda kutafuta chai, nilimuuliza Cyrus swali moja tu. Kwa nini kule anaongea hivyo na kwangu haongei?

Alipangusa mafuta ya chapati mikononi. "Kule hakuna anayenitazama usoni, Mama. Wewe nikisema neno moja unanitazama kama nimeshaanguka."

Nilitazama magari. Nikaona akitulia.

Jumamosi, 25 Januari

Tumekwenda Najma sisi wawili, kuibadilisha ile fimbo ya mbuzi. Mzee alikubali kuirudisha, akasema alijua nitarudi ila hakujua kama nitarudi na mwenye sauti.

Cyrus akamweleza: mabasi ya Abu Samra yamefungwa redio za dijitali, na mnara uko njiani. Mzee akaitoa ile ya kioo cha rangi. Akasema hii itamsikia mpaka mpakani, neno kwa neno. Cyrus akasema atanisaidia kuilipa. "Ichukue, Mama. Ukinisikia utatulia."

Niliishika. Nyepesi, nzuri. Kioo kinawaka buluu. Nikafikiri habari ya uso wangu, nikafikiri akijua nasikiliza atakuwa nao uso huo huo kilomita zote zile hata kama hauoni.

Nikairudisha juu ya kaunta. Nikaomba ile nyeusi ndogo. Mzee akanikumbusha kwamba hiyo haisikii dijitali hata kidogo, itasikia mabasi ya shule na ya Lusail tu. Nikasema najua, ndiyo maana. Kazi yangu ni watoto arobaini na ukungu. Nikaijaribu kiunoni, nikagusa taa, nikafunga vitufe, nikamwomba anionyeshe kitufe cha kushikilia mara mbili.

Tulipofika nje Cyrus akasema, "Una uhakika?" Nikasema hapana.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemtasia mwanangu.

Tulifanya asubuhi kwenye uwanja wa mabasi, jua limeshatoka. Nilitafuta kinyongo moyoni tangu Alhamisi, nikakagua kama ninavyokagua viti vya basi mtoto asiachwe. Hofu ipo. Lakini imekaa wazi, haijafungiwa. Nilichukua funda la maji ya miwa ambayo Nasra alinunua kwa muuza juisi, nikampulizia kifuani, nikasema kwa Kitaita: njia iwe laini, anayekuja mbele yako akuone, anayekuja nyuma asimame, maneno yako yasiishe. Nikapulizia na gurudumu la mbele.

Madereva walikuwa wamesimama wakitazama. Mnepali wa basi namba ishirini na mbili akamuuliza Cyrus ni dawa gani. Cyrus akamweleza. Yule akaja taratibu, akavua kofia, akasema, "Mama, na mimi." Nimetasia mabasi saba. Juisi iliisha, nikamalizia na maji ya chupa. Suleimani alikuja wa mwisho, akasema yeye dua yake anayo ila basi letu halina.

Jumapili, 2 Februari

Amekwenda. Skana ndogo ilimshika akiaga wenzake wa Lusail, kisha akahamia redio ya basi jipya, ikawa basi. Betri bado zimejaa. Watoto arobaini wamepanda, arobaini wameshuka, mikanda yote.

Jumanne, 4 Februari

Sijapiga. Nimeandika kurasa mbili nikazichana.

Ijumaa, 7 Februari

Alikuja mwenyewe kabla ya ibada, peke yake, na vikombe viwili vya karaki, chai ya maziwa ya hapa. Nilijitahidi na uso wangu. Nilitazama njia, nikanywa chai.

Akaanza bila kuulizwa. Malori ya kule yanapitana kama yanaogopana. Kuna askari wa mpakani anayefuga paka sita. Kuna mahali barabara inanyooka mpaka unaona gari linalokuja dakika tatu kabla halijafika, na unapata muda wa kubuni ni la nani na linakwenda harusi au matanga. Jumatano tairi lilipasuka, akasema, na akasubiri kidogo anione. Nilimeza chai. Akaendelea: walilibadilisha yeye na abiria, mmoja alishika taa, mwingine alipika kahawa ya Kiarabu pembeni ya barabara, wakachelewa nusu saa.

Kengele ya ibada ikapita hatukuisikia. Ile habari ya ngamia aliyeingiza kichwa dirishani akala ratiba ya safari, hapo nadhani ameongeza chumvi. Nimeiandika kama alivyoisema.